X ya Kijani Iingie Mitaani

Kwa mwenye nyumba kando ya barabara kuu hapa Mwanza, iwe Kenyatta kuelekea Buhongwa au Nyerere kuelekea Igoma, herufi X inayopakwa ukutani ina rangi mbili, na kila rangi ina hatima yake. Ikiwa nyekundu, umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara: bomoa mwenyewe au utabomolewa, na fidia usiiulize. Ikiwa ya kijani, habari ni nyingine kabisa. Siku ulipojenga hukuwa na kosa. Hifadhi ndiyo iliyopanuka ikakufuata. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Zile mita 7.5 za nyongeza ndizo zilizozaa X ya kijani. Maana yake mtaani inajulikana: kaa, usiendeleze, eneo likihitajika utathminiwa ulipwe.

Nadhani hiyo X ya kijani ni moja ya mambo ya busara zaidi kuwahi kufanyika katika upangaji wa miji yetu, na kichekesho ni kwamba imetoka kwa watu wa barabara, si kwa watu wa mipango miji. Imekubali jambo ambalo ofisi nyingi hazipendi kulikubali: kwamba jengo linaweza kuwa nje ya mpango bila mwenye jengo kuvunja sheria yoyote. Ninachotaka kusema ni kwamba rangi hiyo ihame barabarani, iingie mitaani, ipande vilimani na ishuke mpaka ziwani.

Mwanza ina mpango kabambe wa mwaka 2015 hadi 2035, unaozihusu Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, na uliandaliwa na washauri kutoka Singapore. Ukiutazama ukutani ofisini unapendeza. Makazi huku, viwanda kule, biashara katikati, maeneo ya wazi yamepakwa rangi yake. Tatizo la ramani yoyote ya aina hii ni kwamba inapakwa juu ya mji ambao tayari una watu, na wa kwetu una watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2022 ukijumlisha wilaya hizo mbili. Siku mpango unapopitishwa, maelfu ya majengo na shughuli yanalala yakiwa halali na kuamka yakiwa hayaendani na ramani.

Chukua fundi wa magari, tuseme wa pande za Nyakato. Alikodi uwanja wakati nyumba za jirani zilikuwa za kuhesabu, akaweka kontena la vifaa, kompresa na benchi la mninga. Baadaye viwanja vikapimwa, mchoro ukatoka, mtaa ukaandikwa makazi. Wakaja watu na matofali yao, wakajenga kuta na mageti, na baada ya muda kelele za kunyoosha bodi zikaanza kuwakera, pamoja na harufu ya rangi inayopulizwa mchana kutwa. Siku moja jirani anatoka getini:

"Fundi, hapa ni makazi, bwana."

"Sawa, mzee wangu. Lakini mimi nilikukuta hapa, au wewe ulinikuta?"

Swali hilo halina jibu kwenye mchoro. Afisa mipango miji akija atasema kweli tupu kwamba gereji hairuhusiwi pale. Mwenyekiti wa mtaa naye atasema kweli kwamba fundi ametangulia. Kati ya kweli hizo mbili fundi anaishi kwa hisani. Hajafukuzwa, hajaruhusiwa. Notisi inakuja, inazungumzwa, inapoa, inakuja nyingine. Anayeishi kwa hisani hajengi sakafu ya zege ya kuzuia mafuta machafu yasizame ardhini, wala hanunui mashine ya maana, kwa sababu hajui kama mwaka ujao atakuwepo. Mtaa unapata gereji mbovu kuliko ile ambayo ungepata kama angeambiwa waziwazi una miaka kadhaa na masharti haya. Na kila mahali ambapo haki ya mtu inategemea hisani ya ofisa, tunajua kinachofuata. Sihitaji kukitaja.

Wamarekani walikutana na fundi huyu zaidi ya karne moja iliyopita, ila wa kwao alikuwa anachoma matofali. Bwana Hadacheck alinunua ardhi yake mwaka 1902 kwa sababu ya udongo wake mzuri, wakati huo ikiwa nje ya mji wa Los Angeles. Mji ukakua, ukamkuta, ukamweka ndani ya mipaka yake, kisha ukapiga marufuku tanuri za matofali katika eneo lile. Alidai ardhi ilikuwa na thamani ya dola 800,000 kwa kazi ya matofali, na kwa kazi nyingine yoyote haikuzidi dola 60,000. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia. Mji lazima ukue, ilisema kwa maneno yake, na masilahi ya mtu mmoja yakisimama njiani yatapisha. Kutangulia kwake hakukumsaidia chochote.

Mwaka uliofuata New York ikapitisha kanuni za kanda, yaani za kusema kila eneo litumike kwa kazi gani, kwa mji mzima, na mwaka 1926 mahakama hiyohiyo ikabariki utaratibu huo katika shauri la kijiji cha Euclid, Ohio. Waandishi wa kanuni hizo hawakuthubutu kumfanyia kila mtu kama alivyofanyiwa Hadacheck. Waliogopa mahakama, na waliogopa wenye maduka. Wakaja na mapatano: kilichokuwepo kabla ya kanuni kiendelee, lakini kimefungwa kamba. Usikipanue. Usikigeuze kuwa kitu kibaya zaidi. Ukikifunga kwa muda uliotajwa, haki imekwisha. Kikiungua au kubomoka kupita kiwango, mara nyingi nusu ya thamani yake, hukijengi tena vilevile. Matumaini yalikuwa kwamba majengo hayo yangezeeka na kufa yenyewe.

Mengi hayakufa, na hapa ndipo historia yao inapotufaa zaidi. Duka lililotangulia katika mtaa ambao sasa duka jingine haliruhusiwi limepewa zawadi: halina mshindani. Mwenye nalo atalikarabati mpaka wajukuu. Kwa hiyo baadhi ya miji ikaweka muda. Los Angeles ilimpa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya mabomba, jina lake Gage, miaka mitano ahame kwenye eneo la makazi, na mwaka 1954 mahakama ya California ikasema muda huo ni wa haki hata bila fidia, kwa kuwa hasara yake ilikuwa ndogo na alikuwa na nafasi ya kujipanga. Naona hoja ya mahakama ile ina mantiki kwa biashara inayoweza kubebwa kwenye lori. Kwa nyumba ya familia haina.

Sisemi tuazime sheria ya Marekani. Ardhi yetu ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na wapo watakaokimbilia hapo hapo: kama ardhi ni ya umma, huyu fundi au mwenye nyumba yeyote ana haki gani ya kudai? Mahakama ya Rufani ilishajibu mwaka 1994 katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililotoka huko Arusha. Haki ya kimila ya kukalia na kutumia ardhi ni mali, ilisema, na Katiba inailinda mali hiyo isichukuliwe bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaja na misingi yake: fidia kamili, ya haki na ya haraka. Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya watu walio pembezoni mwa Mwanza hawakuufuata mji. Kule Buhongwa na Kishiri ni mji ulioyafuata mashamba ya watu, kama ulivyolifuata tanuri la Hadacheck.

Tuna urasimishaji, ni kweli, na Mwanza imefanya mwingi. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 57 hadi 60, inaruhusu eneo zima lililojengwa bila mpango litambuliwe, lichorwe lilivyo, barabara zipenyezwe, watu wapate hati. Wananchi wamekaa vikao, wamegawana hasara ya vichochoro, wengine wamevunja choo au jiko ili gari la wagonjwa lipite. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini urasimishaji ni dawa ya mtaa mzima. Haumjibu fundi mmoja katika mtaa uliopimwa vizuri, wala baa iliyokuwepo kabla ya shule, wala mashine ya kusaga iliyozungukwa na nyumba za kupanga. Na hata ndani ya mtaa unaorasimishwa hubaki nyumba ambazo mchoro umezikataa: hii iko kwenye njia, ile iko kwenye mkondo wa maji, zile tatu za juu ziko kwenye mteremko uliopita kiasi. Majirani wanapata hati, hao wanapata ukimya.

Panda Mabatini au Igogo uone ukimya huo ulivyo. Nyumba imeegemea jiwe, na jiwe lenyewe ndilo ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala, limepakwa chokaa sawasawa na kuta nyingine, kalenda imetundikwa pembeni kwa sababu kwenye jiwe msumari hauingii. Ngazi za kufika mlangoni ni za saruji, kila moja na kimo chake. Mlangoni kuna chemba ya majitaka yenye mfuniko wa zege, na juu ya mfuniko pameanikwa dagaa. Mtandao huo wa majitaka, wa mabomba membamba yanayopita uani badala ya barabarani, uliwekwa katika vilima hivi miaka ya karibuni kwa mradi wa maji wa Ziwa Victoria uliogharimiwa pia na fedha za Ulaya. Ukutani kuna mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Kwenye mita hiyo, tangu Agosti 2021, inakatwa kodi ya jengo kila mwezi: ilianza shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500.

Kwa hiyo idara moja imelipelekea jengo bomba, nyingine umeme, ya tatu inalitoza kodi, na ya nne inasema kwenye ramani jengo hilo halipo. Najua mwanasheria ataniambia kulipa kodi hakumpi mtu umiliki. Hilo nalikubali. Kinachopatikana hapo ni tarehe. Mita ilifungwa lini, bili ya kwanza ilisomwa lini, picha za satelaiti za mwaka gani zinaonyesha bati hilo. Tatizo kubwa la kuwatambua waliotangulia siku zote ni kuthibitisha nani alitangulia, na kumbe sisi tunao ushahidi huo, tena mwingi, umelala kwenye kompyuta za taasisi za serikali yenyewe.

Tarehe ndiyo roho ya jambo hili. Bila tarehe, X ya kijani itakuwa mwaliko. Kila mwenye kiwanja atamwaga msingi Jumamosi usiku na kuezeka Jumapili, ili Jumatatu naye awe ametangulia. Kwa England, Uingereza, tangu Aprili 2024 jengo lisilo na kibali likikaa miaka 10 bila mamlaka kuchukua hatua haliguswi tena, isipokuwa kama mwenyewe alilificha. Zamani kwa jengo ilikuwa miaka minne tu. Sipendi mtindo huo kwa Mwanza. Unamlipa mvumilivu na mjanja kwa kiwango kilekile. Aliyejenga kabla ya mpango hana kosa. Aliyejenga baada ya mpango akijua ana kosa hata kama limezeeka. Anaweza kuonewa huruma, hilo ni jambo jingine, lakini rangi yake haiwezi kuwa ya kijani.

Ziwani mambo ni magumu zaidi, na hapo sina uhakika kwamba kijani inatosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyoota enzi za neema ya sangara vilikuwepo kabla ya sheria hiyo, na vilijengwa karibu na maji kwa sababu ya kazi yenyewe. Mialo nayo, yale maegesho ya mitumbwi ambapo samaki hupakuliwa. Huwezi kuuondoa mwalo majini ukabaki kuwa mwalo. Kirumba Mwaloni ikisogezwa mita 60 juu itakuwa soko kama masoko mengine. Kwa miradi iliyotangulia sheria, utaratibu wa mazingira haukusema ibomolewe; ulisema ikaguliwe, ieleze madhara yake na namna ya kuyapunguza. Ukaguzi wa mazingira ni X ya kijani kwa jina lingine, na kwa maoni yangu ni bora kuliko ya barabara kwa sababu unauliza swali la maana zaidi: hiki kilichopo kinaharibu nini?

Kisha ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mei 2020 lilipanda hadi kiwango kilicholinganishwa na kile cha 1964, na 2024 likapanda tena. Nyumba iliyokuwa mita 70 kutoka majini ikajikuta mita 40, bila mtu kuhamisha tofali. Nani hapo kavunja sheria? Uganda, ziwa hilohilo, kipimo chao kwa Victoria ni mita 200. Ukivuka maji umevuka pia kutoka uhalali kwenda kosa. Namba hizi zinawekwa na binadamu kwa sababu zenye maana, kulinda mazalia ya samaki, kuzuia majitaka, kuwaepusha watu na mafuriko, na ni sababu hizo zinazopaswa kuamua nani aondoke kwanza. Anayemwaga maji machafu ziwani aondoke au abadilike hata kama ametangulia miaka 40. Mwenye chumba na bustani ya mchicha anaweza kusubiri.

Kwa hiyo kwangu rangi ya X ingepaswa kutokana na maswali mawili, lini na madhara gani, kwa mpangilio huo. Aliyetangulia na hana madhara makubwa: akae, akarabati bati na sakafu bila kujificha, asipanue, akiacha shughuli kwa muda utakaotajwa haki yake imekwisha. Aliyetangulia lakini ana madhara, kama gereji yetu: apewe muda na masharti, na halmashauri imwonyeshe eneo la kuhamia ambalo lina wateja, si pori. Aliye chini ya jiwe linalotikisika au kwenye kingo za Mto Mirongo, ambao mvua ikizidi hauna adabu: aondoke, tena haraka, na kama alitangulia alipwe. Hatari haifuti fidia. Inafuta kusubiri tu.

Hili la ukarabati nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wanapoumia kila siku. Mwenye nyumba isiyoendana na mchoro akiomba kibali cha kubadilisha paa lililooza, kukubaliwa ni kama kuitambua nyumba, kwa hiyo hakubaliwi, au hajibiwi. Anasubiri paa limwangukie au anaezeka usiku. Kamba za Wamarekani, pamoja na kasoro zake, zilitenganisha vizuri kukarabati na kupanua. Kuziba paa si kuongeza chumba.

Gharama ipo, sikatai. X ya kijani ni ahadi ya kulipa, na halmashauri zetu zina madeni ya fidia ambayo wananchi wanayajua kwa majina. Wapo waliokaa na X ya kijani mwaka baada ya mwaka, hawajalipwa wala kuruhusiwa kuongeza chumba, na benki hazitaki kusikia dhamana ya nyumba yenye alama ukutani. Kijani isiyo na mwisho inaweza kuwa adhabu ya taratibu kuliko nyekundu. Dawa yake ni kuiandika: karatasi yenye namba, tarehe, masharti na muda, na muda ukipita bila serikali kulichukua eneo, alama ifutwe. Rangi ya ukutani mvua inaifuta. Karatasi unaweza kwenda nayo Baraza la Ardhi.

Limebaki moja ambalo sioni X ya rangi yoyote ikilitatua. Kando ya barabara zetu zote nyumba zimegeuka fremu za biashara, na anayefanya biashara ndani ya fremu si mwenye nyumba. Ni mpangaji wa kinyozi, wa duka la dawa, wa M-Pesa. Fundi wetu naye amekodi ule uwanja. Karatasi ya kijani ikitolewa itaandikwa jina la nani? Tathmini ya fidia inajua kuhesabu faida iliyopotea na posho ya usumbufu, lakini meza ya malipo inamwita kwanza mwenye jengo, na mpangaji anapata taarifa mlango ukiwa umeshang'olewa. Ikiwa kinachotambuliwa ni shughuli iliyotangulia, basi aliyetangulia ni fundi, si mwenye kiwanja aliyehamia Dar na kupokea kodi kwa simu. Madiwani wa Nyamagana na Ilemela wakiamua kuandika sheria ndogo juu ya jambo hili, waanze na jina hilo kwenye karatasi, kwa kuwa ndilo litakaloleta ugomvi mkubwa kuliko mita zote.